Kidole Gumba cha Mjomba

4 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana najua ukifungua tu sanduku hili utasema shikamoo kabla hujasoma lolote. Mimi ni mzima. Paka ni mzima kuliko mimi, amenenepa hata dirishani hapiti, na fundi cherehani wa jirani anasema mimi ndiye ninayemharibu. Paa la jikoni limeacha kuvuja pale lilipokuwa linavuja, limeanza pengine. Mwambie mama yako dawa ya goti ainywe, asiiweke kabatini kama urembo. Dada yangu huyo tangu utotoni dawa huitazama tu, akategemea kupona.

Usishangae barua kuchapishwa. Nyinyi ndio mlionicheka miaka yote kwamba mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, basi nimehamia kwenye kompyuta aliyoniachia mwanangu. Natafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, lakini zinapatikana.

Sasa neno lenyewe. Humo sandukuni yumo Kobe. Ulimwona ulipokuwa shuleni, gari langu la mashindano, lile la kuendeshwa kwa rimoti. Jina alipewa siku ya kwanza alipomaliza wa mwisho, likamganda hata alipoanza kuwapita waliompa. Klabu ya mji wenu hufanya mbio ndefu ya kufunga mwaka, mwezi wa Novemba. Gari moja, madereva wawili, rimoti inabadilisha mikono katikati. Kila tulipokuja huko mimi na mwenzangu wa mbio, marehemu mwashi, Kobe alipinduka kona ya tatu, akamaliza miguu juu. Hajavuka ule mstari kwa magurudumu yake hata mara moja. Nataka avuke. Mwenzangu ametangulia, na mimi safari za basi zimenichosha mgongo. Kwa hiyo ni wewe. Tafuta mwenzako hapo klabuni, mtu mwenye subira.

Kanuni zangu ni chache. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kisha uendeshe, kisha ukae ufikiri. Anayebadilisha springi na mafuta na matairi kwa mkupuo hajui kilichomponya wala kilichomuua. Springi nimezipaka rangi: nyeupe ni laini, nyekundu ya kati, njano ngumu. Sasa hivi njano ziko mbele. Kimo cha gari ni kidole gumba. Kilaze kwa ubavu chini ya tumbo lake, kipite kwa kugusa, bila kusukuma. Na mipangilio ya rimoti usiiguse.

Wala usinipigie simu kuhusu Kobe. Kwenye simu mtu huitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, akikata anafanya yake. Andika. Anayeandika hulazimika kuangalia alichokifanya.

Mjomba wako

*

1 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo ya pili. Ya kwanza niliisema peke yangu mbele ya sanduku kama ulivyobashiri, na mama akauliza naongea na nani. Hajambo, dawa anakunywa, ila anaipa masharti: mpaka ale kwanza, mpaka asali iwepo, mpaka mimi nisimtazame. Anakusalimu na kusema urembo ni wewe.

Huku maabara ya meno hakujatulia. Kuna mzee ameagiza meno ya juu, na anataka tumwachie mwanya wa mbele uleule aliozaliwa nao, kwa sababu mkewe alimpendea huo. Nimeuchonga na kuuchonga tena. Kila mara anajitazama kwenye kioo na kusema mwanya ni mzuri, ila ni wa mtu mwingine.

Kidole gumba, mjomba? Mimi mchana kutwa napima kwa chombo kinachojua unene wa karatasi, jioni nikitoka natia kidole chini ya gari kama anayeonja maji ya kuoga. Lakini nimetii. Uwanja uko nyuma ya maghala, udongo mwekundu ulioshindiliwa, na kabla ya kona ya tatu kuna tuta. Hapo ndipo tunapoaibika. Kobe akifika kwenye tuta, tumbo linapiga chini, mkia unapaa, anaingia konani kwa ubavu na miguu inakwenda juu. Watu wa klabu wameshaacha kucheka, sasa wananionea huruma, na hiyo ndiyo inayonikera.

Halafu jingine. Fundi redio, ambaye ndiye mwenyekiti wao, kaliendesha kidogo akasema gari hili limelala. Ni kweli. Nageuza usukani wa rimoti mpaka mwisho, Kobe anageuka kama aliyeitwa kuosha vyombo. Nimetazama mipangilio, nusu ya usukani umeikata. Kwa nini?

Na umenipa habari za paka na za paa, habari za kibanda cha kunyoa hukunipa. Kiti chako kinasemaje? Yule mteja anayesinzia akinyolewa bado anakuja?

Mpwa wako mtiifu (kwa sasa)

*

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, ilikuwa mvua. Tumshukuru Mungu paa limesimama. Paka alipotea siku kadhaa, tukamkuta kwa fundi cherehani amelalia kitambaa cha suti ya bwana harusi. Sasa hatuongei vizuri na fundi.

Huyo mzee wa mwanya yuko sawa, msikilize. Mtu anaujua mdomo wake.

Kuhusu tuta: kama tumbo linapiga, basi shokapu zinazama haraka mno. Tia mafuta mazito zaidi, mbele kwanza. Ukimaliza endesha, kisha uone. Springi usiziguse. Kimo ni kidole gumba, na hilo halina mjadala, mwashi na mimi tulilipima hivyo miaka yote.

Kuhusu usukani, gari halina haraka. Umeukuta ulivyo, uache ulivyo.

Msalimie dada. Mwambie asali haiponyi goti.

Mjomba wako

*

2 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama ni mzima, mimi ni mzima, mzee wa mwanya amepata meno yake. Alitabasamu kwenye kioo, akafunga kinywa, akasema anakwenda kumwonyesha. Baada ya kuondoka ndipo mpokezi akatuambia kwamba mke alishazikwa. Sote tulirudi mezani.

Nilitia mafuta mazito kama ulivyosema. Tumbo likapiga tuta vilevile, tena kwa heshima zaidi. Basi hapo utiifu wangu ukaniishia. Nilifungua rimoti, nikamrudishia Kobe usukani wake wote, na mbele nikaweka springi nyeupe. Mjomba, ameamka. Anakata kona kama anayejua njia ya mkato. Kwenye mbio ndogo za mwezi tulikuwa tunashika nafasi ya tatu, mpaka tuta likatukumbuka.

Nikakaa chini nikafikiri, hiyo kanuni yako ni nzuri. Nikatia tena kidole chini ya tumbo. Kimepita kwa kugusa, bila kusukuma, sawasawa na agizo. Nikakiangalia kidole chenyewe. Kidole changu gumba ni chembamba, mama husema ni cha kushikia sindano tu. Chako nakikumbuka, ulikuwa ukinibana nacho pua nilipokuwa mdogo, na pua yote ilikuwa inapotea. Miezi yote hii nimekuwa nikimburuza Kobe tumbo chini kwa sababu nampima kwa kidole kisicho chake. Nilicheka mpaka fundi redio akaja kuuliza kuna nini, nikaona aibu kumwambia.

Sasa nakuomba. Usiniandikie namba, rula huna, na ukiazima utakadiria. Laza kidole chako gumba kwenye karatasi, kizungushie kalamu, tia kwenye bahasha. Nitachonga kipande cha plastiki ya meno chenye unene huohuo, kitakaa kwenye sanduku la Kobe daima.

Na kwa mara ya pili nauliza, kibanda kinaendeleaje?

Mpwa wako

*

14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Paka mzima. Mimi mzima.

Kidole hicho hapo ndani. Usikitazame sana, karatasi ilikuwa inateleza.

Usukani urudishe ulivyokuwa, na mbele rudisha njano. Usipomaliza mbio, kasi yako utaipeleka wapi? Mwenzako umeshampata?

Mjomba wako

*

27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kwetu salama.

Kidole kimefika. Nimepima upana wake, nimechonga kipande, nimemwinua Kobe. Jumamosi alipita juu ya tuta, akatua kwa miguu yote minne na kuingia kona ya tatu kana kwamba tuta lilikuwa uvumi. Sikupiga kelele. Nilimrudisha akapita tena, na tena. Dawa ilikuwa kidole, pamoja na mafuta yako mazito.

Lakini nimekitazama sana, mjomba. Ulinikataza, nikakitazama. Karatasi inayoteleza huchora mstari uliohama. Mstari huu haukuhama. Umetetemeka kutoka kuanza mpaka kuisha, meno meno kama ya msumeno. Niliuacha mezani nikaenda kutia chai, niliporudi mama alikuwa ameushika. Hakuuliza ni nini. Alikaa, akasema, "Baba yetu alikuwa akishika kikombe hivi." Akanieleza jinsi babu alivyokuwa anajaziwa kikombe nusu ili kisimwagike, na jinsi nyinyi watoto mlivyojazwa nusu nanyi ili asijione peke yake. Kisha akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alilia. Mimi pia nililia, sioni haya kukuandikia.

Sasa naelewa barua za kuchapisha. Naelewa kwa nini kibanda hukitaji. Na namwelewa Kobe. Hakuwa amelala. Ulikata usukani nusu ili mkono ukicheza, gari lisicheze. Ulimfunga springi ngumu mbele ili asisikie kila unachofanya. Umekuwa ukimtengeneza kwa ajili ya mkono wako muda mrefu, na ulipoona hata hivyo haitoshi, ukamtia sandukuni ukanitumia mimi.

Umeuliza kama nimempata mwenzangu. Nimempata. Ana subira, ingawa si ya kupigiwa mfano. Jina lake nimeshaliandikisha kwa fundi redio, nusu ya pili ya mbio. Ni wewe.

Mpwa wako

*

30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nausubiri mshindo. Huku naendelea na kazi.

Rimoti hii ina kumbukumbu mbili. Moja nimeweka usukani wangu, ya pili wako. Kwenye yako nimeifundisha isisikie mambo madogo: mkono ukitikisika kidogo katikati, Kobe anaendelea na safari yake, mpaka ugeuze kwa kukusudia ndipo anageuka. Fundi redio alishika usukani akatetemesha mkono makusudi, gari likaenda moja kwa moja. Alisema angependa kumfundisha hivyo mkewe, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Shida iliyobaki ni springi. Rimoti inabadilika kwa kubonyeza, springi hazibadiliki mbio zikiendelea. Lazima Kobe awe mmoja kwa mikono miwili. Nimerudisha njano mbele. Najifunza kumwendesha akiwa amelala, na si kazi ndogo, maana nimeshaonja akiwa macho.

Jina sijalifuta.

Mpwa wako

*

2 Septemba

Mpwa,

Leo naandika kwa mkono, kwa kuwa umeshaona, basi ona vizuri. Kama husomi, mpe mama yako, yeye amezoea mwandiko wa ukoo.

Sikukutumia Kobe ili unirudishie mimi. Nilikutumia gari. Nilitaka lipite mahali nisipopita mimi, ni hilo tu, na si dhambi.

Kibanda nimekifunga. Ulitaka kujua, jua. Yule mteja anayesinzia nilimkata sikio. Si sana, damu kidogo. Aliamka, akajifuta, akaniambia asante, kazi nzuri, akaondoka. Hakunilaumu na hakurudi. Wembe niliuosha, nikauweka kwenye droo, nikashusha mlango wa bati. Mtaani nimesema mgongo. Watu wote wananiuliza mgongo, nami nimeanza kuinama kidogo nikitembea ili wasipate taabu ya kuamini.

Unajua dereva anaposimama kwenye lile jukwaa la mbao, watazamaji wanakaa nyuma yake. Wanaona gari, wanaona na mikono. Sitashika rimoti mbele ya watu wakaacha kutazama gari wakatazama mkono. Huruma uliyosema inakukera wewe siku chache, mimi nitaipata kwa mji mzima. Futa jina langu. Tafuta mtu.

Dada mwambie asilie. Sijafa.

Mjomba

*

16 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua nimeisoma mwenyewe, kila neno, haikuhitaji mkalimani. Mama naye ameisoma, akasema angalau sasa unaandika vizuri kuliko ulivyokuwa unaandika shuleni. Amefurahi kukupata, hata ukiwa umekasirika.

Jina silifuti. Na nakuomba uache kunisomea huruma nisiyokuandikia. Sijakuuliza kama mkono unatetemeka. Nakuuliza springi.

Nitakuambia kinachonisukuma, maana hukuniuliza. Babu alikuwa nao mtikisiko huu. Wewe unao. Mama asubuhi hushika kikombe kwa mikono miwili, akasema chai ni ya moto. Mimi nachonga meno, mjomba. Mkono huu ndio unaonilisha, na ndio unaomlipia mama dawa anayoipa masharti. Tangu kidole chako kifike, kila nikikaa mezani kabla ya kazi nanyoosha vidole na kuvitazama. Vimetulia. Lakini navitazama, na najua nitakuwa nikivitazama kila asubuhi ya maisha yangu.

Kama mtikisiko uko njiani kunijia, nani atanifundisha? Daktari atanipa jina la ugonjwa. Fundi redio hajui. Babu hakusema neno mpaka anazikwa, na nyinyi mkanywa vikombe nusu mkadhani hilo ndilo jawabu. Aliyekaa na mkono unaocheza na bado akalileta gari kwenye mbio za kufunga mwaka ni mmoja tu, na amejifungia ndani na paka. Udongo upate ungali maji. Nataka nisimame karibu yako nione unavyoshika, unaegemea wapi, unapumua lini, kona ya tatu unaianza mapema kiasi gani. Nataka nione mtu wa damu yangu akifanya kazi na mkono huo mbele ya watu, na dunia isianguke. Ndilo ninalolitaka, na hakuna mwingine wa kunipa.

Wakitazama mkono, watazame. Jukwaa lina ubao wa kuegemea, nimeuongeza kimo ukae sawa na kiwiko chako. Mama amesema atakaa mbele ya hao watazamaji na mwavuli wazi, atakayetaka kuona mkono amwombe ruhusa.

Springi ya mbele, mjomba. Ngumu, laini, au ya kati? Nasubiri.

Mpwa wako

*

12 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Umerudisha njano mbele. Umekosea, na mimi niliyekuagiza nilikosea kwanza. Njano ni springi niliyoiweka nilipoanza kuogopa. Nilitaka Kobe asinisikie kabisa, na gari lisilokusikia ukifika konani halina msaada kwako. Weka nyekundu. Nyuma weka nyeupe. Mafuta mazito acha mbele, hayo yalikuwa sawa, ni kidole tu kilichotuchelewesha. Kwenye kumbukumbu yangu ya rimoti niongezee usukani kidogo. Nikiutaka nitautumia.

Paka anabaki kwa fundi cherehani. Tumepatana.

Nakuja na basi la Alhamisi kabla ya mbio. Mwambie mama yako kikombe changu ajaze.

Mjomba wako

*

3 Desemba

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nimerudi nyumbani salama. Dereva wa basi alipiga honi njia nzima kama aliyelipwa kwa honi, lakini tulifika. Paka hakunijua siku ya kwanza, au alijifanya. Goti la dada naona limeanza kukubali, kule uwanjani alisimama mwanzo mpaka mwisho, na ule mwavuli alimgonga nao mtu ambaye hakufanya kosa lolote. Mwombe radhi kwa niaba ya ukoo.

Wewe ulikuwepo, sina la kukusimulia, ila kuna upande ambao hukuuona kwa kuwa ulisimama kuliani kwangu ukitazama vidole. Uliponipa rimoti katikati ya mbio tulikuwa wa nne. Nilipoipokea ilicheza hata antena ikagonga ubao, na nyuma yangu watu wakanyamaza. Nikajua ndiyo hiyo sasa, wanautazama. Nikataka kukurudishia. Kweli kabisa, nilitaka kukurudishia. Lakini Kobe alikuwa ameshafika kwenye tuta, na gari halingoji mtu amalize kuona haya. Nikaegemea kiwiko pale ulipopanga, nikageuza usukani mapema kama ninavyofanya siku zote, akatua, akaingia kona ya tatu, akatoka. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Huyo Kobe anakwenda." Alikuwa anatazama gari. Baada ya hapo sikusikia tena watu.

Tulishuka mpaka wa saba. Wawili waliotupita walitupita kwa haki, na yule kijana wa gari jeusi alitupita kwa ufedhuli. Haidhuru. Alivuka mstari kwa magurudumu yake. Ulinikumbatia na rimoti ikiwa katikati yetu, bado nina alama ya antena kifuani. Nilitamani mwashi angekuwepo, angesema tulipima vizuri.

Kibanda nimekifungua jana. Wembe nimempa kinyozi yule mwanamke wa mtaa wa pili, amechukua kiti kimoja, na mkono wake ni wa dhahabu. Mimi nimebaki na mashine yenye kitana cha kinga, ambayo hata ikiteleza haili sikio. Nimefunga ubao kwenye mhimili wa kiti, kimo cha kiwiko, wazo hilo nimekuibia. Anayekaa namwambia kabla sijawasha: mkono huu unatikisika, unaruhusiwa kuondoka. Mmoja aliondoka. Watatu walikaa. Mwenye sikio hajarudi, na sijamtazamia.

Kobe abaki kwako. Mkono unaomwamsha ni wako. Kile kipande cha plastiki ulichochonga kwa kidole changu nimekuja nacho, nilikitoa sandukuni ulipokuwa unaaga watu, usikitafute. Gari la mtu hupimwa kwa kidole cha mwenyewe. Fundi redio amenihakikishia kwamba wataliondoa lile tuta, basi kimo chako kitatosha.

Kwa hiyo sasa ni zamu yako. Laza kidole chako gumba kwenye karatasi, kizungushie kalamu kwa mkono wako wa kazi, unitumie. Nitakibandika ukutani kibandani, pembeni ya kioo. Na kila Desemba uchore kingine, nitavipanga kwa mstari. Usivitazame vidole kila asubuhi, utachoka bure na meno ya watu yatakwenda upande. Kazi ya kutazama niachie mimi. Mstari ukianza kucheza nitauona kabla yako, na siku hiyohiyo nitakata tiketi ya basi. Nitakuja na springi nyekundu.

Mjomba wako, kwa mkono wake mwenyewe